Uso wa Nyumba ya Falkenrode

Gauni halikuhitaji kurekebishwa hata kidogo. Bi Kessler, aliyekuwa akiwavisha mabibi wa Ellernau tangu ujana wake, alimfunga Ottilie vifungo vya mgongoni kuanzia kiunoni mpaka shingoni, kisha akarudi nyuma kumtazama, pini zikiwa bado zimebanwa midomoni.

"Tunapunguza wapi?" Ottilie akauliza.

Bi Kessler akazitoa pini, akazichomeka kwenye kimto chake. "Hapana pa kupunguza, Bibi Mtukufu. Wala pa kuongeza. Hata urefu wa mikono ni ule ule."

"Basi mshonaji ana bahati leo."

Bi Kessler hakucheka. Alikuwa akikitazama kioo, si mtu aliyesimama mbele yake. Akaomba ruhusa, akatoka. Ottilie akabaki peke yake na gauni la marehemu mwilini.

Marehemu alikuwa Sidonie. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja, baba zao kaka wa tumbo moja, na wao wawili walilelewa katika ngome moja ya Falkenrode, kitanda kwa kitanda. Uso wao ulikuwa mmoja: paji pana, pua nyembamba, kidevu chenye kishimo, na ukope wa jicho la kushoto ulioning'inia kidogo, kama wa mtu aliyekatizwa usingizi. Mlezi wao alikuwa akimfunga Sidonie utepe mwekundu ili asije akamchapa asiye na kosa. Hata hivyo alikosea mara nyingi, na karibu kila mara hasara ilikuwa ya Ottilie.

Sidonie aliolewa akiwa msichana mdogo na Eberhard, Mtawala wa Ellernau, ambaye naye mama yake alikuwa dada mkubwa wa mama zao. Akazaa binti mmoja, Gisela. Kisha simu ya maandishi ikafika Falkenrode kwamba amefariki kwa homa ya mapafu. Vitambaa vyeusi vilikuwa bado vinaning'inia madirishani pale mama yake Eberhard, Mama Mkubwa Ulrike, aliposhuka kwenye treni akiwa na masanduku mawili na mwavuli, kuja kumposea mwanawe tena.

"Watu wa Ellernau wamezoea uso wetu," alisema wakiwa mezani, akijikatia kipande cha bata bukini. "Sioni sababu ya kuwatia hofu kwa kuwaletea mwingine. Na wewe Tilli, umri unakwenda. Katika ukoo mzima amebaki nani wa kukuoa? Yule mtoto wa mjomba anayeongea na kuku."

"Kuku angalau wanamsikiliza," Ottilie akasema.

Baba yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Ottilie alikubali. Alikubali kwa sababu shangazi asiyeolewa katika ngome ni kama kiti kilichovunjika, hakitupwi wala hakikaliwi. Na alikubali kwa sababu ya mtoto, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake kwa kila hesabu ya ukoo. Kuhusu Eberhard mwenyewe hakuwa na neno baya. Tangu utotoni alimwita kaka, na hata mbele ya madhabahu ulimi ulikuwa mzito kubadilisha.

*

Siku alipowasili Ellernau watumishi walipangwa ngazini kumlaki. Aliposhuka kwenye gari la farasi, msichana mmoja wa jikoni akatoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa, akakimbilia ndani. Wendelin, mtunza bustani, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, alivua kofia, ikamdondoka, naye hakuinama kuiokota.

Mama Mkubwa Ulrike aliushika uso wa Ottilie kwa mikono yake miwili, akaugeuza kwenye mwanga. "Vizuri," alisema. "Umerudi na rangi mashavuni."

"Ndiyo kwanza nafika, Mama Mkubwa."

"Ndiyo, ndiyo." Akampiga piga shavu, akampeleka ndani.

Maisha yalikuwa yamekwisha kutandikwa kabla hajaja, kama kitanda. Kiti chake mezani kilikuwa cha Sidonie. Farasi wake alikuwa wa Sidonie, naye mnyama yule alimnusa mkono akatulia papo hapo. Kila asubuhi mpishi alimletea yai lililochemshwa mpaka likawa gumu, ingawa Ottilie alipenda laini, na alipolirudisha aliletewa jingine gumu vile vile. Katika ukumbi mrefu wa ghorofa ya kwanza zilitundikwa picha za mabibi wa nyumba ile, na alipopita mbele yazo kwa mara ya kwanza alipunguza mwendo. Nguo zilibadilika, mitindo ya nywele ilibadilika, mara nywele za unga, mara vishungi, mara kofia za manyoya. Uso haukubadilika. Ukope wa kushoto ulimning'inia kila mmoja wao. Picha ya mwisho ilikuwa ya Sidonie, na kando yake ukuta ulikuwa umeachwa wazi, msumari ukiwa tayari.

Eberhard alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye shauku moja tu duniani, nayo ni hali ya hewa. Alikuwa na chombo cha kupimia mvua juu ya paa na vingine vya kupimia upepo, na aliweza kukueleza mawingu ya juzi kama mtu anayesimulia harusi. Kwa Ottilie hakuwa mkali hata siku moja. Alimvutia kiti, alimfunika shali. Ila hakumtazama moja kwa moja, na kila alipomwita alimwita Sidonie.

Mara ya kwanza Ottilie alidhani ni ulimi umeteleza. Mara ya pili alimrekebisha, naye akaona haya mpaka masikioni, akaomba radhi. Kesho yake akarudia. Baada ya muda Ottilie akachoka kurekebisha, na siku moja alijikuta ameitika, haraka, bila kufikiri. Jambo hilo lilimtisha kuliko picha zote za ukumbini.

"Anampenda mno," alimwambia Bi Kessler, wakati mama yule akimchana nywele. "Hata jina halimtoki mdomoni."

Kitana kikasimama. "Alipokuwa hai hakumwita hivyo, Bibi Mtukufu."

"Alimwitaje?"

"Mimi ni mtu wa kuchana nywele tu," Bi Kessler akasema, akaendelea kuchana.

*

Gisela alikuwa na miaka mitano na hakudanganyika. Nyumba nzima ilimwona Ottilie ikamwona Sidonie, isipokuwa yule mtoto. Alimsalimia kwa kupiga goti dogo, kama anavyosalimiwa mgeni, na akajiweka mbali naye. Ottilie aliheshimu hilo. Akawa anakwenda chumbani kwake kila wakati wa chai, anaketi, anakula mkate wenye siagi, bila kumsemesha sana. Alikuwa mlaji mzuri, na watoto humwamini mtu anayekula.

Alasiri moja Gisela alikuwa amepanda juu ya kiti dirishani, anapunga mkono.

"Unampungia nani?" Ottilie akauliza.

"Mama."

Ottilie akaweka kikombe chini polepole. "Mama yako amefariki, mpenzi."

"Najua," Gisela akasema, bila kugeuka. "Ndiyo maana ana maji."

"Maji gani?"

"Kwenye nywele. Yanachuruzika tu. Mimi namwambia aingie ndani lakini hasikii, anafikiri naita mtu mwingine."

Ottilie akainuka, akasimama nyuma ya mtoto. Dirisha lilitazama bustani ya nyuma na bwawa lililokuwa chini ya miti, maji meusi yaliyofunikwa majani. Ukingoni alisimama mwanamke aliyevaa kijivu, amewapa mgongo. Nguo ilimganda mwilini. Ottilie aliyajua mabega yale na namna ya shingo ile kuinama upande mmoja, kwa sababu alikuwa ameyaona asubuhi ile ile kwenye kioo chenye mabawa matatu cha Bi Kessler. Ni mgongo wangu, aliwaza. Nimesimama kule chini.

Akafumba macho. Alipofumbua, ukingo wa bwawa ulikuwa mtupu, na Wendelin alikuwa akipita na toroli la majani.

"Ameingia majini tena," Gisela akasema, akashuka kitini na kwenda kwa wanasesere wake.

Ottilie hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Alianza kuepuka upande ule wa bustani. Lakini kitu kilikuwa kimeanza na hakikumwacha. Alikaa kwenye kinanda, vidole vikapiga wimbo ambao hakuwahi kujifunza. Alitaja mbele ya wageni safari ya milimani aliyofanya na Eberhard, akaieleza mpaka rangi ya ng'ombe, na katikati ya maelezo akakumbuka kwamba hakuwahi kufika huko. Wageni waliitikia kwa tabasamu. Mama Mkubwa Ulrike alitabasamu kuliko wote.

Kisha ikaja siku ya ukungu, baada ya chakula cha mchana, alipokuwa anapanda ngazi kwenda kujilaza. Anakumbuka mkono wake ukishika mhimili wa ngazi. Kinachofuata anachokikumbuka ni baridi. Alikuwa amesimama bwawani, maji yamefika magotini, na sketi imemvimba pande zote kama kengele. Mbele yake maji yaligeuka kina ghafla. Hakuwa na hofu. Alijihisi kama mtu aliyechelewa mahali anaposubiriwa.

"Bibi, hapana."

Wendelin alikuwa ameingia majini na viatu vyake. Alimshika kiwiko, na mkono wa mzee ulikuwa na nguvu za kung'oa mzizi.

"Hapana, Bibi. Mara moja imetosha. Sitakutoa humu tena, sina moyo huo tena."

Alimvuta mpaka kwenye nyasi. Hapo akamtazama usoni, akatambua aliyemshika, akamwachia kiwiko.

"Nisamehe," alisema. "Nimezeeka, naongea ovyo."

"Hukuongea ovyo," Ottilie akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Dada yangu hakufa kitandani."

Mzee aliitazama kofia yake mikononi. "Tuliambiwa tuseme homa," alisema. "Mimi ndiye niliyembeba. Alikuwa mwepesi sana, na nguo zote zile."

*

Ottilie alibadili nguo, akanywa mvinyo wa moto, kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa Mama Mkubwa Ulrike. Bibi kizee alikuwa ameketi karibu na jiko la vigae, paka mapajani, kitambaa cha kufuma mkononi.

"Sidonie alijitupa bwawani," Ottilie akasema. "Kwa nini?"

Mama Mkubwa hakushtuka. Alihesabu nyuzi zake kwanza, akamaliza mstari. "Keti, Tilli."

Lilikuwa jambo la ajabu kusikia jina lake, na Ottilie akaketi.

"Unafikiri wewe ndiye wa kwanza kuvaa gauni la mwenzako katika nyumba hii? Dada yangu Klothilde ndiye aliyeposwa na baba yake Eberhard. Mwezi mmoja kabla ya harusi ndui ikamchukua. Wageni walishaalikwa, na wazee walishatia sahihi mambo ya mipaka na mashamba. Baba akaniita akaniambia, Ulrike, jaribu viatu vya dada yako. Vikanitosha." Akamkuna paka kichwani. "Mume wangu aliniita Klothilde mpaka anakata roho. Mwanzoni nililia. Baadaye nikaona, jina ni nini? Mimi ndiye niliyekuwa nakula, mimi ndiye niliyekuwa nalala kwenye shuka za hariri. Klothilde alikuwa udongoni."

"Na Sidonie?"

"Sidonie naye alikuja badala ya dada yake. Umesahau Leonore?"

Ottilie hakuwa amesahau. Leonore alikuwa dada mkubwa wa Sidonie, msichana mcheshi aliyekufa kwa homa ya matumbo wakati Ottilie na Sidonie wangali wanavaa sketi fupi. Alijua Leonore alikuwa amechumbiwa, lakini katika Falkenrode wasichana wakubwa walikuwa wakichumbiwa kila mwaka na watoto hawakuambiwa kwa nani.

"Eberhard alimpenda Leonore kwa kichwa na kwa moyo," Mama Mkubwa akasema. "Nikamletea Sidonie. Uso ule ule, tabia njema, miaka kumi na minane. Nilifikiri atazoea kama nilivyozoea mimi. Hakuwa na kifua cha jambo hilo, maskini."

"Ukajua hivyo, na bado ukanileta mimi."

"Wewe una kifua." Bibi kizee alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesifia farasi. "Na nyumba hizi mbili haziwezi kuachana, mwanangu. Tukiachana tu, majirani watatumeza kabla ya chakula cha jioni. Gisela naye nimekwisha kumpangia. Atakwenda Falkenrode kuolewa na Konrad, mtoto wa kaka yako. Uso wetu haufi, Tilli. Unahama chumba tu."

Ottilie alimtazama. Kwenye mwanga wa jiko aliona paji lile, pua ile, ukope uliolala juu ya jicho la kushoto, na alihisi kama mtu aliyesimama mbele ya kioo kilichotangulia miaka arobaini.

"Mama Mkubwa," akasema, "hajawahi kukutokea? Klothilde?"

Sindano za kufumia zikasimama.

"Kila siku," Ulrike akasema. "Ndiye anayenichagulia nguo."

*

Eberhard alikuwa juu, katika chumba chake cha vyombo. Alikuwa akisafisha chupa ya kupimia mvua kwa kitambaa laini. Ottilie alifunga mlango.

"Nataka uniambie siku ile ilikuwaje," alisema. "Siku Sidonie alipokwenda bwawani. Usiniambie habari ya homa."

Alimwona akitafuta njia ya kutokea, akatazama dirisha, akatazama paa, kisha mabega yakamlegea.

"Kulikuwa na dhoruba inakuja," alisema. "Sindano ya kipimo cha hewa ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu. Sijawahi kuona inashuka kwa kasi ile. Aliingia, akasimama hapo uliposimama. Alikuwa amevaa nguo ya kijivu. Akaniuliza, Eberhard, ukinitazama unamwona nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikuinua kichwa." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Nilikuwa nasoma kipimo. Nikamwambia, nakuja sasa hivi, Leonore."

Ottilie akatazama sakafu mahali aliposimama.

"Alisema ahsante. Akafunga mlango taratibu. Nilipomaliza kusoma kipimo nikashuka kunywa chai." Alifuta chupa, akafuta tena mahali pale pale. "Sasa ninamwita. Kila siku namwita kwa jina lake. Najua ni wewe uliyesimama mbele yangu, sijapagawa. Lakini nisipolitamka kwako, nitalitamka kwa nani?"

"Litamke kwake," Ottilie akasema. "Mimi si sanduku la kuwekea."

Akateremka ngazi. Hakuchukua shali. Ilikuwa saa ya chai, na juu dirishani aliona sura ndogo ya Gisela, mkono umeinuliwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi. Mwanamke wa kijivu alikuwa pale ukingoni, na safari hii Ottilie hakufumba macho. Alikwenda mpaka alipoyasikia maji yakidondoka kutoka kwenye pindo la ile nguo, tone kwa tone, juu ya majani.

Alitaka kukimbia. Mwili wote ulimwomba akimbie. Akasogea hatua moja zaidi, akasema, "Doni."

Hilo ndilo jina lake la utotoni, la Falkenrode, ambalo hakuna mtu wa Ellernau aliyewahi kulijua.

"Doni, ni mimi, Tilli. Wewe ni Sidonie. Wewe ndiye uliyeogopa bata mzinga. Ulivunja dirisha la kanisa, nikachapwa mimi. Wewe si Leonore. Leonore alikuwa anaimba, wewe hukuweza kuimba hata kidogo, ulikuwa unakwaruza kama mlango."

Kichwa kilichoinama kikageuka. Ottilie alikuwa amejiandaa kuona uso wake mwenyewe, na uso aliouona haukuwa wake. Sasa, karibu, aliona tofauti ambayo watu wazima wote wa ukoo walishindwa kuiona maisha yao yote: mdomo wa Sidonie ulikuwa mpana zaidi, na nyusi zilikuwa na mshangao fulani, kama mtu anayetarajia habari njema. Mkono mweupe ukainuka, ukaondoa nywele zilizolowa kwenye paji. Alimtazama Ottilie kwa muda mrefu. Kisha akatazama juu, dirishani, kwa mtoto.

Nyuma yao mtu alikuwa anakuja kwenye majani, akipumua kwa taabu. Eberhard alisimama hatua chache mbali. Kama alimwona au hakumwona, hakusema siku ile wala baadaye. Alivua kofia. Aliyaambia maji, "Sidonie," mara moja, kisha akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akalia kwa namna ambayo Ottilie alimwacha peke yake, akaenda kumtoa mtoto dirishani.

*

Nisiseme kwamba marehemu alipata raha. Wafu hawaondoki kwa sababu wameitwa vizuri. Watumishi waliendelea kumwona, na mpaka leo kuna watu wa Ellernau wasiopita bwawani wakati wa chai. Lakini tangu siku ile hakumvuta mtu majini, na wimbo ule wa kinanda uliutoka mkono wa Ottilie, hata alipoutafuta hakuupata.

Katika majira ya kuchipua Ottilie alimwambia mumewe kwamba anaondoka na Gisela, wanakwenda kuishi katika nyumba ya zamani ya forodha aliyokuwa nayo kaskazini, pwani, ambako hapakuwa na picha hata moja ukutani. Alijiandaa kwa vita. Eberhard akatazama kipimo chake, kisha akasema, "Mpeleke. Na ile habari ya Konrad nitaivunja mimi."

Aliivunja mezani, mbele ya mama yake, sauti ikimtetemeka. Ndicho kitu cha ushujaa pekee alichofanya maishani mwake, na kilimgharimu. Mama Mkubwa Ulrike hakusema naye mpaka mavuno. Kaka yake Ottilie alituma watu kudai maelezo, na baba yake akasema hana tena binti. Miaka michache baadaye mambo ya mipaka yalikwenda kama bibi kizee alivyotabiri: jirani mkubwa aliimeza Ellernau nzima, kwa adabu, kwa mkataba, na Eberhard akaachiwa ngome, cheo na vipimo vyake vya mvua. Wako waliosema ni kosa la Ottilie. Yeye mwenyewe kuna usiku alifikiri hivyo.

Kila kiangazi Eberhard alikuja pwani. Alikuwa akimwita Ottilie sasa, na kila mara alisita kidogo kabla ya kulitamka, kama mtu anayeruka mtaro. Ottilie alipenda kule kusita kuliko neno lolote tamu ambalo angeweza kuambiwa. Hawakupata mtoto. Hilo walikubaliana bila kulizungumza.

Gisela alikua mrefu, mbishi, mpenda samaki wa moshi. Alikuwa na miaka ishirini, na posa yake ya kwanza ilikuwa imetoka kwa mtoto wa daktari wa bandarini, kijana mwenye nywele nyekundu na masikio makubwa, wakati simu ilipokuja kutoka Ellernau kwamba bibi yake anakata roho. Wakapanda treni wote wawili.

Mama Mkubwa Ulrike alikuwa amekauka kama jani. Alilala chini ya mito mingi, na Bi Kessler, ambaye naye sasa alitembelea fimbo, alikuwa akimlowesha midomo.

"Mama Mkubwa Ulrike," Ottilie akaita.

Bibi kizee akageuza macho mlangoni, kuona ni nani mwingine aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Ottilie akaita tena, naye akazidi kutazama mlango, kwa adabu, kama anayemsubiri mgeni.

"Haitiki hivyo tena," Bi Kessler akanong'ona. "Mwite Klothilde."

Ottilie hakuweza. Gisela ndiye aliyesogea, akaketi kitandani, akaushika mkono wake. Macho ya mzee yakamtua usoni, yakapita kwenye paji, pua, kidevu, yakafika kwenye ukope wa kushoto, na hapo yakajaa furaha.

"Umekuja," alisema. "Nilijua utakuja. Sidonie, au ni Leonore?"

"Mimi ni Gisela, bibi."

"Haidhuru," Ulrike akasema, akaupiga piga mkono wake. "Haidhuru, mwanangu. Keti."

Alikata roho kabla ya jioni. Baada ya mazishi Gisela na Ottilie walisubiri treni katika kibanda cha stesheni, wakala supu ya kabichi na mkate mweusi. Gisela alimaliza bakuli lake. Kisha akajipapasa kwa kidole juu ya jicho la kushoto, taratibu, mara mbili tatu.

"Yule kijana wa bandarini," alisema. "Masikio yale. Unafikiri mtoto anaweza kuyarithi?"

"Tumuombe Mungu," Ottilie akasema, na akamwita mwenye kibanda aongeze supu.